Mambo ya Nyumbani: Fedha za Kale Zilizomo Kibwetani



Tumepata barua ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Atuambia ya kuwa wanafunzi wake wamemletea sarafu za kale kutoka majumbani mwao, zapata kumi na moja, nyingine zina tundu katikati, nyingine zina picha ya simba, na moja ni pana kama kifuniko cha chupa ya dawa. Zote zimekuwa nyeusi au kijani. Naye auliza: "Ni dawa gani itakayozing'arisha kabla ya siku ya wazazi?" Twamjibu hapa mbele ya wote, kwa kuwa barua za namna hii si moja, na kwa kuwa jambo lenyewe limetupata sisi wenyewe, wala hatukulipata kwa kusoma.

Baba wa babu yetu alikuwa mmoja wa watu waliotandika reli ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, kazi iliyoanza mwaka 1905 na kufika ziwani mwaka 1914. Ujira wake alilipwa kwa rupia za Wadachi, na katika rupia zote alizozishika mkononi zilibaki tatu, ambazo hakuzitumia hata wakati wa njaa. Mwanawe alizirithi, na baada yake bibi yetu alizifunga katika pindo la kanga kuukuu, akazitia katika kibweta chini ya kitanda. Bibi alipofariki mwaka 2010, baba mkubwa alikaa na jamaa akagawanya vitu. Shangazi alipewa rupia moja kwa kuwa ndiye aliyemwuguza mama yake hata mwisho. Mbili tulipewa sisi, akisema, "Wewe ndiwe uwezaye kusoma maandishi yake, basi zikae kwako."

Siku za Krismasi zilipokaribia tukaona haya kuwaonyesha wageni vitu vyeusi. Tukatwaa majivu ya jikoni, tukakamua ndimu, tukasugua kwa mswaki, kisha tukamalizia kwa dawa ya meno. Rupia zikang'aa kama sufuria mpya. Tukafurahi sana. Baba mkubwa alipozishika akaigeuza moja mara mbili tatu, akauliza, "Mwanangu, hii ndiyo ile ile?" Nasi tukacheka.

Mwezi wa Januari 2013 binti wa marehemu dada yetu alipata nafasi katika shule ya bweni, na ada haikutimia. Jamaa wakakubaliana rupia moja iuzwe. Shangazi akatupa na yake, tuipeleke pamoja na zetu, ili mnunuzi achague. Ilikuwa bado imefungwa katika kitambaa chake, nyeusi tititi, na ukingoni ina rangi kama ya samawati. Tukafika Dar es Salaam kwa mtu anayenunua fedha za zamani. Akatwaa kioo cha kukuzia, akazitazama kimya, halafu akasema, "Mwalimu, hizi mbili nani aliyeziosha?" Tukajibu kwa fahari kwamba ni sisi. Akaziweka kando. "Hizi," akasema, "nitazinunua kwa uzito wa fedha iliyomo, basi." Ile nyeusi ya shangazi akaitolea bei karibu mara nne ya kila moja ya zetu. Tulipomwuliza kama hakuna dawa ya kuzirudisha, alitikisa kichwa.

Basi ada ya mtoto ililipwa na rupia ya shangazi, ambayo hakuna aliyeisugua. Sisi tulirudi nyumbani na zetu mbili zinazong'aa. Tulipomweleza shangazi habari yote alisema tu, "Haya, mtoto asome." Hakutulaumu, na hiyo ilikuwa nzito kuliko lawama.

Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza kwa wajuzi na kusoma vitabu juu ya jambo hili, nasi twaeleza tuliyoyapata.

Kwanza yatupasa kujua weusi huo ni nini. Watu wengi hudhani ni taka iliyojishika juu ya sarafu, kama masizi juu ya chungu. Sivyo. Sarafu ya fedha inapokaa hewani hukutana na salfa kidogo kidogo, ile iliyomo katika moshi wa makaa, katika mayai na vitunguu, katika mipira na nguo za sufu, na fedha ya juu kabisa hugeuka kuwa utando mweusi. Shaba nayo hugeuka hudhurungi, na baadaye kijani. Utando huo umefanyizwa na madini ya sarafu yenyewe. Kwa hiyo mtu auondoapo haondoi uchafu, bali aondoa ngozi ya sarafu, pamoja na mistari myembamba ya ndevu za mfalme na manyoya ya tai. Zaidi ya hayo, utando uliokaa sawasawa huilinda sarafu, isiliwe zaidi kwa haraka. Ndiyo maana watu wazijuao sarafu huupenda utando huo, tena wakiona sarafu ya miaka mia inang'aa kama ya jana hutia shaka mara moja.

Majivu yana chembe ngumu kama mchanga. Dawa ya meno pia ina unga wa kusugulia, ingawa ni laini, na juu ya fedha huacha mikwaruzo kama nywele, isiyoonekana kwa macho matupu lakini chini ya kioo ni kama shamba lililopigwa haro. Ndimu, limau, ukwaju na siki zina asidi, nayo hula shaba na kuiacha na wekundu usio wa asili, kama kidonda kilichochubuka. Dawa za kung'arishia vitasa vya milango hufanya yote mawili pamoja. Na zile dawa za maji za kuchovya, ambazo masonara hutumia kwa pete na mikufu, kila mara zichovyapo huchukua tabaka jembamba la fedha, hata mwisho sarafu hubaki imefifia kama jicho la samaki wa juzi.

Sasa tutaje kidogo sarafu ambazo kwa kawaida zimo katika vibweta vyetu, kwa kuwa haziugui ugonjwa mmoja.

Rupia ya Wadachi ilianza kupigwa mwaka 1890 na ikaendelea hata 1914. Upande mmoja ina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia yenye tai. Uzito wake ni gramu 11.66, na katika sehemu 1,000 fedha safi ni 917, hivyo ni fedha nzuri sana nayo hupata mikwaruzo upesi. Zile za tangu 1904 zina herufi ndogo A au J: A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg. Hapo kwanza rupia moja ilikuwa pesa 64, kisha tangu 1904 ikahesabiwa kuwa Heller 100, na kutokana na Heller hiyo tukapata neno letu hela, ambalo kila mtoto hulisema bila kujua babu yake. Hela ndogo ni za shaba iliyochanganywa na vitu vingine, na zile za 5 na 10 zenye tundu zina nikeli ndani yake.

Wakati wa vita, mwaka 1916, Wadachi walipokosa meli za kuwaletea fedha, walipiga sarafu kule Tabora katika karakana ya reli. Zilikuwa hela 20 na hela 5 za shaba, nyingi zimepigwa vibaya, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya ndovu. Hela za Tabora zaonekana mbovu hata zilipokuwa mpya. Mtu asizione zimepinda au zimepauka akadhani zahitaji kusuguliwa. Ubovu huo ndio ushahidi wake.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima nyuma yake ilitoka mwaka 1921. Uzito wake ni karibu gramu 7.8, lakini fedha iliyomo ni robo tu, inayobaki zaidi ni shaba. Hii ndiyo ifanyayo watu walie, maana uso wake una fedha nyingi kuliko tumbo lake. Ukiisugua kwa nguvu, weupe waondoka na wekundu wa shaba watokea, nao haufichiki tena. Shilingi zilizopigwa tangu 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Wengi huzichanganya, heri mtu asome mwaka kabla ya kuyasikiliza maneno ya mnunuzi.

Kule Unguja ziko pesa za shaba zenye mizani, zilizopigwa kwa Sultani Barghash, mwaka wake umeandikwa 1299 kwa hesabu ya Hijra, yaani 1882. Hizi zimeteswa sana na hewa ya bahari. Tena iko ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mama mnene, ambayo wazee waliiita reale ya Sham. Mama huyo ni Maria Theresa, malkia wa Austria, na mwaka ulioandikwa ni 1780. Lakini msikimbilie kufurahi. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa karne mbili na zaidi katika miji mingi, Vienna, Roma, London, Bombay, na kila mara waliandika 1780 ile ile, kwa kuwa wafanyabiashara wa Arabuni na Uhabeshi hawakukubali nyingine. Uzito wake wa haki ni gramu 28 na kidogo, fedha sehemu tano katika sita. Mizani na sumaku (fedha haivutwi na sumaku) zaweza kufichua za bandia, ila umri wake hauwezi kujulikana kwa mwaka ulioandikwa.

Walio wachache wanazo senti na nusu senti nyepesi sana za mwaka 1907 na 1908, za Protektoreti za Afrika Mashariki na Uganda. Hizi ni za alumini, miongoni mwa za kwanza duniani kutumika sokoni, na hazikustahimili hali ya nchi zetu. Ziliharibika hata zikaachwa, zikafuata za nikeli na shaba. Alumini haipatani na asidi wala na magadi. Hizo ziacheni kama zilivyo, mziweke pakavu.

Twarudi kwa swali la mwalimu wetu. Je, isioshwe kabisa? Kwa kawaida twajibu: isioshwe. Ila kuna mambo matatu yanayofaa kuondolewa, maana si ngozi ya sarafu bali ni kitu kigeni: udongo, mafuta ya mikono, na ute wa kijani unaotokana na mifuko ya plastiki mibaya.

Kwa udongo, tafuteni maji yaliyokenekwa, yale wauzayo kwa ajili ya betri za magari. Lakini jihadharini sana hapo, maana dukani chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi ya betri hukaa bega kwa bega, na kuna wauzaji wanaoziita kwa jina moja. Someni maandishi ya chupa. Maji ya bomba yana klorini na chumvi, ya kisima yana chokaa. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu chumvi hubaki sufuriani, mvuke ndio uendao. Wekeni sarafu moja katika bakuli la kioo, si mbili, zisigongane. Ikae kutwa, ama siku kadhaa, huku maji yakibadilishwa kila siku. Udongo utalainika wenyewe na kuanguka. Kisha itoeni kwa kuishika ukingoni, ilazeni juu ya kitambaa safi cha pamba, na kitambaa kingine kikandamizwe juu yake taratibu kama mtu akaushaye wino. Msipanguse. Neno hili twalirudia kwa sababu mkono hupenda kupangusa hata ukikatazwa. Iachwe ikauke kabisa kabla ya kufungwa, maana tone moja lililobaki pembeni mwa herufi litaacha doa.

Kwa mafuta na ute wa plastiki maji hayafai. Hapo wajuzi hutumia asetoni safi, ambayo haili fedha wala shaba wala dhahabu, bali huyeyusha mafuta na kuruka hewani yenyewe. Inunuliwe safi, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha imetiwa manukato na mafuta, nayo huacha utando mwingine. Chombo kiwe cha kioo, kwa kuwa plastiki nyingine huyeyuka ndani yake. Nanyi mjue ya kwamba asetoni hushika moto upesi kuliko mafuta ya taa, na mvuke wake hutambaa chini chini hata kufikia jiko lililo mbali. Kwa hiyo kazi hiyo ifanyike nje au dirishani, mchana, pasipo taa wala mkaa wala sigara, na watoto wasiwepo. Mwalimu asiifanye darasani.

Watu wengine husifu mafuta ya zeituni, kwamba sarafu ya shaba ilowekwe humo miezi mingi. Ni kweli yalainisha uchafu mgumu, nasi tumeona watu waliofanikiwa. Lakini mafuta hayo nayo yana asidi kidogo, na hubadilisha rangi ya shaba, tena kuyaondoa ni kazi nyingine. Sisi hatuyatumii.

Liko jambo moja la shaba ambalo halingoji. Wajuzi huliita ugonjwa wa shaba, ingawa hauna vijidudu. Hutokea pale chumvi ya bahari au ya jasho au ya udongo inapoingia katika shaba, kisha unyevu wa hewa ukaikuta: chumvi hiyo pamoja na maji hufanya asidi, asidi hula shaba, na shaba iliyoliwa hutoa tena chumvi ile ile, ikaendelea hivyo pasipo kukoma hata sarafu ikawa unga. Dalili yake ni vidoa vya kijani kilichopauka, laini kama unga wa muhogo uliotiwa rangi, ambavyo ukivikwangua leo, baada ya siku chache vimerudi. Kijani kizito, kigumu, kilicholala sawasawa si ugonjwa. Hicho ni ngozi njema, kiacheni.

Sarafu yenye ugonjwa huu itengwe na nyenziwe. Unga uondolewe polepole kwa mwiba wa mti chini ya kioo cha kukuzia, bila kufikia shaba nzima, kisha ilowekwe katika maji yaliyokenekwa majuma kadhaa, yakibadilishwa, ili chumvi itoke. Ikaushwe mahali pa joto, nayo ikae pakavu daima. Makumbusho hutumia dawa kali zaidi, nyingine zina sumu. Mojawapo isiyo na sumu kubwa ni chumvi fulani ya soda, na hapa wenzetu wa Magadi na Natron watacheka, maana chumvi hiyo ndiyo hasa magadi yetu, ile itiwayo katika maharagwe! Lakini msiende mkaloweka pesa za Barghash katika magadi ya jikoni. Magadi ya ziwani yamechanganyika na chumvi ya kawaida, yaani kile kile tukitakacho kitoke. Makumbusho hutumia iliyosafishwa, kwa kipimo. Kama sarafu ni ya thamani, ipelekeni kwao.

Tumeulizwa pia habari za ile njia ya kutandika karatasi ya alumini katika bakuli, kutia maji ya moto na soda ya mikate, na kulaza fedha juu yake. Yafanya kazi kweli: salfa huihama fedha ikaifuata alumini, na weusi hutoweka mbele ya macho yenu. Kwa vijiko vya harusi ni njia nzuri, tena rahisi. Kwa sarafu hapana. Fedha inayorudishwa hivyo haikai laini kama ya kwanza, na mnunuzi ataijua.

Basi yaliyobaki ni kuzitunza, na hapo ndipo penye faida kubwa kuliko kuosha kokote. Sarafu ishikwe ukingoni kwa vidole vilivyooshwa na kukaushwa, juu ya kitambaa kilichokunjwa, ili ikianguka isigonge sakafu. Msiongee mkiwa mmeiinamia, maana mate yakirukia juu yake huacha madoa yatakayoonekana baada ya miezi. Msizifunge kwa mpira, una salfa. Msizitie katika ile plastiki laini yenye harufu kama ya pazia jipya la bafuni. Hiyo ndiyo itoayo ute wa kijani. Makasha ya karatasi ngumu ya bei rahisi na ya mbao mbichi hutoa asidi polepole. Vinavyofaa ni bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi, ama vifuko vya ile plastiki ngumu inayolia kama jani kavu inapokunjwa.

Kwa ninyi mlioko pwani adui mkubwa ni unyevu wenye chumvi. Vile vipakiti vidogo vya chembe zinazovuta maji, viwekwavyo ndani ya makasha ya viatu vipya na chupa za vidonge, msivitupe. Viwekeni pamoja na sarafu katika chupa yenye kifuniko kinachokaza, mvibadilishe kila baada ya miezi michache. Kibweta kisikae chini ya kitanda juu ya sakafu ya udongo, ingawa ndiko bibi zetu walikokiweka kwa kuogopa wezi, wala jikoni penye moshi. Katikati ya nyumba, juu, penye kivuli, ndipo pafaapo. Na katika kila bahasha andikeni kwa kalamu ya risasi, kabla ya kutia sarafu ndani: ni ya nani, alipewa na nani, kwa kazi gani, mwaka gani. Wazee wenye kujua wanapungua kila mvua.

Neno moja kwa walimu wa Kilwa, Mafia na pwani yote. Watoto wakiwaletea visarafu vidogo vyembamba vya shaba walivyookota magofuni au ufukoni, hizo si mali ya kibweta. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe tangu zaidi ya miaka mia tisa iliyopita, zenye maandishi ya Kiarabu ambayo upande mmoja unatoa kina kwa upande wa pili kama ubeti, na baadhi zimeonekana hata katika visiwa vya Wessel huko kaskazini mwa Australia, zilikookotwa mwaka 1944. Kule Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na chache za dhahabu mahali pamoja, na kwa sababu zilionekana zikiwa pamoja ndipo wataalamu walipoweza kusoma majina ya watawala ambao hakuna kitabu kilichowataja. Kama zingaligawanywa na kuoshwa kila moja jikoni mwake, habari hiyo isingalipatikana. Kwa sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964, kitu kilichofanyizwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863 kinalindwa na serikali. Kitu cha namna hiyo kisiuzwe wala kisioshwe. Alama iwekwe mahali kilipoonekana, na idara ya mambo ya kale iarifiwe.

Kwa hiyo, mwalimu mpendwa, kwa siku ya wazazi twashauri hivi. Zile sarafu kumi na moja zionyeshwe na weusi wao, kila moja juu ya karatasi nyeupe, na kando yake mtoto aandike habari aliyosimuliwa nyumbani. Wakitaka kuona kazi ya kusugua, twaeni kijiko kikuukuu cha shaba, nusu yake isuguliwe kwa majivu na ndimu, nusu iachwe, kisha wapeane kioo cha kukuzia mmoja mmoja. Kisha kila sarafu irudi kwa mwenyewe siku ile ile jioni, kwa hesabu, mbele ya mashahidi, msije mkaingia katika neno na wazazi.

Rupia zetu mbili zingali nyumbani. Zimeanza kuwa na weusi kidogo katika mashimo ya herufi, lakini usoni bado zina mikwaruzo yetu. Yule binti amekwisha maliza masomo, naye ndiye aliyeziandikia bahasha likizo iliyopita. Aliandika jina la baba wa babu yetu, na reli, na miaka, halafu chini kabisa, bila kutuuliza, akaongeza: "Zilisuguliwa kwa majivu na ndimu, Desemba 2010." Tukaiacha hivyo.